Siku Mama Alipokwenda Simbi Bila Ruhusa

Baba alipokufa, mama yangu alikatazwa nyumba za watu.

Hakuna aliyemwandikia barua. Wiki moja baada ya mazishi, wageni walipokuwa wameondoka na turubai zimerudishwa kwa wenyewe, baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, alikuja sebuleni akaketi kwenye kiti cha mlangoni na kumweleza mama taratibu za pale. Mjane ana uzito, alisema. Wajaluo wanauita chola, msiba unaomkalia mke mpaka aletewe mwanamume wa kulala naye na kumwondolea. Kabla ya hapo haingii nyumba ya mtu, hambebi mtoto mchanga, haendi kulala kwa binti yake. Na mwanawe wa kiume hawezi kujenga nyumba yake mwenyewe mpaka mama awe huru.

Mama alikuwa na miaka sitini na minne. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Huyo mwanamume atatoka wapi?"

"Hilo tuachie sisi."

"Basi na langu niachieni mimi," mama akasema. "Simtaki."

Nilikuwapo. Nilikuwa nimebeba sinia ya vikombe na nikasimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Baba mdogo hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba hakuna atakayemlazimisha, na kwamba kama hataki, basi akae nyumbani. Ndivyo ilivyokuwa. Alikaa miezi saba.

Mama si Mjaluo. Ni Mkuria wa Ntimaru. Baba alikuwa akienda kule mpakani kununua mahindi, wakakutana, na kwa kuwa yeye hakujua Kikuria na mama hakujua Dholuo, waliongea Kiswahili, wakaoana kwa Kiswahili, wakatulea kwa Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha vitabu. Ngeli zilikwenda zilikotaka. Lakini kilikuwa chetu, na watu wa boma la baba walikichukulia kama dalili kwamba mama hakuwahi kuingia vizuri. Miaka arobaini alipika, alilima, alizika wakwe zake wote wawili, na bado alipokataa jambo walisema, "Si unajua yeye si wa huku."

Katika ile miezi saba nilimtembelea kila Jumamosi ya pili. Mimi ni mwalimu wa hesabu mjini Migori, na nyumbani ni upande wa Awendo, mwendo usio mrefu. Nilimpelekea sukari, dawa ya goti, na maneno. Maneno ndiyo niliyokuwa nayo kwa wingi. Nilimwambia sheria iko upande wake, kanisa liko upande wake. Kanisani kweli alikuwa akienda, lakini benchi lake lilianza kuwa na nafasi. Wanawake waliokuwa wakibanana naye sasa walibanana kwenye benchi la nyuma. Hakuna aliyesema kitu. Waliimba vizuri tu.

Kitu ambacho sikumwambia ni "twende kwangu." Nilikuwa na chumba cha wageni chenye kitanda kilichotandikwa, na miezi saba sikumwalika mama yangu alale humo. Mume wangu hakuwa na neno, lakini mama mkwe wangu alikuwa amenipigia simu mapema kabisa na kuniambia kwa upole nisilete uzito wa watu katika nyumba ya mwanawe. Nikasema sawa, mama. Nina shahada, na nilisema sawa, mama.

Kisha binti wa jirani akajifungua. Jirani huyu na mama walikuwa wamechota maji kisima kimoja tangu ujana wao. Mama akachukua kilo mbili za sukari na sabuni, akavuka shamba kwenda kumpongeza. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Jirani alimwona akija, akatoka nje haraka na kuuvuta mlango nyuma yake, wakaongea uani. Waliongea kwa muda mzuri, wakiulizana hali, huku mvua ikizidi, na mama akiwa ameshika ile sukari. Mwishowe jirani akaipokea na kusema asante sana, Mungu akubariki, kisha akabaki amesimama mpaka mama akageuka.

Mama alinipigia simu jioni hiyo.

"Jumamosi uko na gari?"

"Niko nalo. Ni goti? Unataka hospitali?"

"Nataka kwenda Simbi."

Simbi Nyaima ni ziwa dogo la mviringo karibu na Kendu Bay, katika Homa Bay. Jina lake maana yake ni Simbi iliyozama. Sote tulisimuliwa habari zake na baba. Palikuwa na kijiji pale, na siku moja watu wakinywa pombe ya sherehe, bibi kizee aliyechoka na safari akaja kuomba mahali pa kukaa na chakula. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha nyumbani kwake na kumlisha. Bibi akamwambia amchukue mumewe watoke kijijini upesi. Walipotoka, mvua ikaja, ardhi ikafunguka, kijiji chote kikaenda chini na maji yakafunika. Watu wa huko wanaliheshimu ziwa hilo mpaka leo. Wapo wanaokwenda kuoga kwa ajili ya ngozi, wapo wanaokwenda kuomba, na wapo wasiopenda hata kulitazama sana. Baba alimwahidi mama kumpeleka tangu walipokuwa wachumba. Hakumpeleka.

Jumamosi nilifika saa moja asubuhi na binti yangu wa miaka tisa kiti cha nyuma. Mama alikuwa tayari mlangoni, amevaa gauni lake la bluu la kanisani na kitambaa cheupe kichwani. Na langoni alikuwa amesimama baba mdogo. Sijui nani alimwambia. Katika boma lile habari hazihitaji kuambiwa.

"Shemeji," akasema, "mnakwenda wapi?"

"Simbi," mama akajibu.

"Simbi si mahali pa kutembea. Pale watu walikufa."

"Najua. Mlisema nisiingie nyumba ya mtu. Pale hakuna nyumba. Zilizokuwepo zilizama."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Baba mdogo hakufanya hata moja. Alimgeukia kaka yangu mdogo, ambaye alikuwa ametoka kwenye kibanda chake cha ujana, kile ambacho Wajaluo hukiita simba, akiwa amevaa ndala. Kaka alikuwa na miaka thelathini na moja, mke na mtoto, na wote watatu walikuwa wakilala katika kibanda hicho kwa sababu mama alikuwa amekataa mwanamume. Matofali yake yalikuwa yamepangwa nyuma ya choo, yameanza kuota ukungu. Kwa miezi hiyo yote alikuwa hajamlaumu mama kwa mdomo, lakini alikuwa akiongea naye kidogo kidogo, kama mtu anayelipia kila neno.

"Wewe," baba mdogo akamwambia. "Dada yako ameolewa, ana kwake. Mama yako amezeeka. Boma ni lako. Ukipanda gari hilo, kesho usije kulia kwangu."

Kaka akatazama chini. Kisha akarudi ndani ya kibanda, na nikajua tumempoteza. Nikamfungulia mama mlango. Nikazunguka, nikakaa, nikawasha injini. Kaka akatoka tena akiwa amevaa viatu.

"Baba," akamwambia baba mdogo, kwa adabu yote, "naenda kumshika mama mkono. Goti lake linauma." Akapanda mbele, akafunga mlango.

Baba mdogo alisogea. Nataka niwe mkweli kwake: alisogea mwenyewe, sikumtisha na gari. Lakini kwenye kioo nilimwona amesimama katikati ya njia, mikono nyuma, mpaka tulipokata kona.

Barabara ilikuwa imejaa matrekta ya miwa. Tukafika Rongo. Pale mama akamwambia kaka ashushe kioo, na upepo ulipoingia akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetoka majini. Binti yangu akauliza bibi ana nini. "Nimetoka," mama akamwambia. Tulipofika Rodi akataka karanga, akazinunua mwenyewe dirishani, akabishana bei kwa furaha, akazigawa kwa wote. Alikuwa akitaja kila kitu: ng'ombe yule amekonda, kanisa lile jipya, mtama wa watu hawa umechelewa. Homa Bay mjini ziwa kubwa likatokea chini yetu, likiwa na magugu maji kando kama shamba lililotupwa. Mama akasema nisisimame, maji hayo ameshayaona.

Tulipita hadi Kendu Bay ili tule kwanza. Tukapata mkahawa safi karibu na soko. Sisi watatu tukaingia. Mama akabaki mlangoni, mguu mmoja juu ya kizingiti, na nikaona ile miezi saba imemrudia usoni. Mkahawa si nyumba ya mtu, lakini mwili wake ulikuwa umezoea kukatazwa.

Mwenye mkahawa alikuwa mwanamke Mwislamu wa makamo, amejifunga mtandio, anapanga chapati. Akamwona.

"Mama, mbona umesimama? Ingia."

"Mimi ni mjane," mama akasema. Hivyo tu, kama mtu anayetangaza ugonjwa wake.

"Hata mimi," yule mwanamke akajibu. "Chai ama uji?"

Mama akaingia. Yule mwanamke alimletea chai na akaketi naye kidogo, kwa kuwa wateja walikuwa wachache. Akamwambia kwamba yeye alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, ikaisha, akatoka, akafungua mkahawa huu. "Na wewe, yako imeisha lini?"

"Wanasema haijaisha."

"Wanasema akina nani?"

Mama akafungua mdomo kujibu, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka kaka akaweka chapati yake chini. Mwanamke yule naye akacheka, bila kujua nini hasa kinachekesha. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu baba alazwe.

Simbi iko nje kidogo ya mji. Unashuka njia ya udongo katikati ya mashamba, na ghafla liko hapo, la mviringo kama lililochorwa, maji ya kijani kizito, harufu ya magadi. Flamingo walikuwa wamesimama upande wa mbali. Palikuwa na mwanamume mmoja anayewaongoza wageni, mtu wa hapo hapo, na alituomba tusipige kelele wala kurusha mawe. Kisha akaanza kumsimulia binti yangu habari za bibi kizee, vizuri sana, kwa mikono. Alipofika pale maji yanapofunika kijiji, binti yangu akamkatiza.

"Na watoto?"

"Watoto gani?"

"Wa kijiji. Si hawakuwa wanakunywa pombe. Nao walizama?"

Yule mtu akafikiri. "Wote walizama," akasema, na nadhani hakuwahi kuulizwa hivyo.

Mama alikuwa amesimama karibu na maji. Mimi nilidhani najua amekuja kufanya nini. Nilidhani amekuja kumwona bibi aliyelipiza. Moyoni mwangu nilikuwa nimeshamzamisha baba mdogo, na jirani na mlango wake, na mabenchi ya kanisa, na nilikuwa nimejiachia mimi nafasi ya kutoka salama, kama yule mwanamke mwema. Hapo ndipo nilipoona aibu. Yule mwanamke mwema alimkaribisha bibi ndani. Mimi nilikuwa nimempelekea mama sukari.

"Nilikuwa namwonea wivu huyu bibi," mama akasema, bila kugeuka. "Kila siku nikipika nawaza, ningekuwa na nguvu zake. Hata jana."

"Na sasa?" kaka akauliza.

"Sasa mtoto ameuliza swali. Jirani ana mjukuu wa wiki tatu. Sijamwona hata sura."

"Si walikufukuza kama yeye," nikasema. Nilikuwa na hasira na sikutaka aniondolee.

"Mimi si kama yeye. Yeye alikuwa mpita njia. Alizamisha, akaenda zake. Mimi nina boma pale. Nina mahindi, nina kaburi la mume wangu. Nikiwazamisha, nitakaa wapi?" Sasa alikuwa ametugeukia, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Sitaki wazame. Nataka wanizoee. Nitaingia kanisani nikae katikati ya benchi. Nitakwenda sokoni. Nitabisha hodi kwa kila mtu. Wakifunga, nitabisha kesho. Mwanamume hawataniletea. Watachoka wao kabla yangu."

Yule mwongozaji wa wageni alijifanya anatazama ndege.

Kisha mama akasema anataka kulizunguka ziwa lote. Tulimwambia goti. Akasema goti ni lake. Ilituchukua karibu saa mbili, na mahali pengine njia ilikuwa ya mawe, kaka akimshika upande mmoja na mimi upande mwingine, binti yangu mbele akiokota manyoya ya waridi. Tulipokuwa upande wa mbali, kaka akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na viatu vyake:

"Mama, mimi nitajenga."

"Jenga."

"Watasema nitakufa."

"Watasema," mama akakubali. "Baba yako naye aliambiwa atakufa akioa Mkuria. Amekufa akiwa na miaka sabini na moja, tumbo limejaa."

Kaka akacheka, kisha akalia kidogo, kisha tukaendelea kutembea kwa sababu jua lilikuwa kali.

Jioni tukarudi njia ile ile. Tulipokaribia Awendo nikaanza kupunguza mwendo ili nikate kwenda nyumbani. Mama akaniwekea mkono begani kutoka nyuma.

"Leo nalala kwako," akasema.

Hakuomba, na hakueleza. Nadhani alikuwa amelijua lile jambo la mama mkwe siku zote, na alikuwa amenisubiri miezi saba nilimalize mwenyewe. Kaka alinitazama. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni, inayoanza na "lakini", nzuri, ya heshima. Niliimeza. Nikamshusha kaka kwenye kona ya nyumbani, nikaendelea na lami hadi Migori.

Mume wangu alifungua mlango, akamwona mama mkwe wake, akasema, "Karibu mama," na akapokea mfuko wake. Hakuna radi iliyopiga. Mama alivuka kizingiti changu kwa mguu wa kulia, polepole, goti likiwa limevimba, akaketi kwenye sofa na kuomba maji ya moto na chumvi. Binti yangu alimwagia maji kwenye beseni, akamkanda. Mimi nilikwenda kufungua dirisha la chumba cha wageni.

Asubuhi mimi mwenyewe nilimpigia mama mkwe wangu simu, kabla hajasikia kwa wengine. Nilimwambia mama yangu amelala kwangu na atalala tena. Akasema, "Umeniambia ama umeniuliza?" Nikasema nimekuambia, mama. Alikata simu, na kwa miezi mitatu hakuja kwetu. Baadaye alikuja. Alikula vizuri, akalalamika kuhusu mchuzi.

Kaka alianza kujenga kabla ya mvua kubwa. Baba mdogo aliitisha kikao, na wazee wakaja, wakasema waliyosema, na mama akaketi nao mwanzo hadi mwisho na kila walipomaliza akajibu, "Nimesikia. Simtaki." Ng'ombe wa baba mdogo alikufa mwezi huo na wakasema ni sisi. Mtoto wa kaka alipougua homa wakasema ni sisi, na alipopona hawakusema ni sisi. Nyumba ina vyumba vitatu na bati jekundu. Baba mdogo hajaingia ndani yake mpaka leo, na sitaki kudanganya kwamba amelainika. Amekonda tu.

Jirani alimfungia mama mlango mara tano. Ya sita, mvua haikuwapo wala hakuna kilichobadilika, alisogea pembeni tu akasema, "Ingia basi, chai inapoa." Mtoto alikuwa ameanza kukaa.

Mimi nilibaki na langu. Asubuhi moja tukiwa jikoni nilimwambia mume wangu, wala si kwa utani, kwamba akinitangulia mimi nitakwenda ninapotaka, siku ninayotaka, nitalala kwa binti yangu nikipenda, na ndugu zake wakileta mwanamume nitamrudisha na nauli. Aliweka kijiko chini. Akaniuliza kama anaweza kumaliza chai yake kwanza.

Nikamwambia amalize, hakuna haraka, lakini ajue.